Mfinyanzi na Kaka Yangu Bura

Uji ulikuwa umeanza kuchemka. Rehema amekaa kwenye kigoda, sare ya shule mwilini, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia sukari: "Mama, nikifa mimi, Baraka atarudi?"

Baraka alikuwa mdogo wake. Alikaa nasi majuma machache tu, kifua kikambana, tukamzika. Rehema ana miaka saba. Nikamwuliza maneno hayo kayatoa wapi. Akasema kwa mwalimu wa dini. Mwalimu aliwaonyesha katuni kwenye kompyuta yake, paa mwenye pembe za shaba anayejilaza mbele ya mlango wa jitu ili watoto wa kijiji wapite, jitu linamla, na asubuhi paa anasimama tena mzima. Mwalimu akawaeleza kwamba yule paa ni mfano wa Yesu. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Kisha akamwita mwanangu mbele ya darasa, akamshika bega. "Mnamwona Rehema? Hata mdogo wake alitangulia ili dada yake abaki. Mpigieni makofi."

Wakampigia.

Niliepua sufuria nikaiacha chini. Sikubadili nguo. Nilishuka na kanga yangu ya jikoni, ndala zimejaa tope la Katesh, Rehema nyuma yangu anaita, "Mama, polepole," na nikaingia ofisi ya walimu bila hodi. Mimi niliyelelewa kwamba mtu mzima humpiti bila shikamoo, nilimpita mwalimu mkuu kama napita nguzo.

"Karibu, Mama Rehema," akasema yule mwalimu wa dini. Kijana msafi, shati limenyooshwa. "Kuna tatizo?"

"Lipo. Umemwambia mwanangu nini?"

Akatabasamu. Akanieleza kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa jinsi ya kumeza vidonge, kwamba watoto wa siku hizi bila katuni hawasikilizi. Kwamba hawa watunzi wa hadithi za miujiza, wajue wasijue, wote wamechota kwa Yesu, na kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha watoto Yesu alipojificha. "Yule paa ni picha ya Mkombozi, mama. Na mtoto wako nilimpa faraja."

"Mwanangu anataka kufa. Hiyo ndiyo faraja?"

"Hapo hakunielewa. Ni mfano tu."

"Ana miaka saba! Mfano anaujulia wapi?"

"Mama, punguza sauti. Kwani wewe hujaokoka?"

Sikumbuki vizuri nilichosema baada ya hapo. Naambiwa kilisikika mpaka darasa la sita. Nakumbuka nilipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka, chai ikamwagika kwenye madaftari, na mwalimu mkuu, mama mtu mzima ninayemheshimu, akanikumbatia kiunoni kwa nyuma kama wanavyoshikwa wafiwa pale kaburini. Ule mkono ndio ulionimaliza nguvu. Na pale ofisini, ambapo hapakuwa na kitu zaidi ya chaki na makabati, nikasikia harufu ya udongo mbichi. Harufu ile naijua. Nilijua basi kwamba simgombezi yule kijana peke yake.

Mliokua wakati wetu, upande huu wa Hanang na Mbulu, mtakumbuka wakubwa walipokuwa wanasema tunatoka Arusha tunaingia mkoa mpya. Mimi nilidhani tutahama. Nilimwuliza kaka yangu Bura kama na ng'ombe watapanda lori. Akaniambia ng'ombe watatembea, ila Mlima Hanang utabebwa kwa zamu, kila kijiji na siku yake. Nikaamini. Bura alinizidi miaka mitatu, na niliamini kila alichosema, hasa kile alichokisema bila kucheka. Asubuhi nilitoka nje kutazama kama wameshaanza kuubeba, na siku ukungu ulipoufunika nilikimbia ndani kumwambia Mama kwamba tayari, wameuchukua, na sisi hatujafunga hata vyombo.

Kwetu ni kijiji cha kati ya Basotu na Haydom. Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, kanisa la tofali za udongo na bati, na siku za kawaida alilima kwa maksai kama watu wote. Bibi, mama yake Baba, aliishi nasi. Alibatizwa uzeeni, kwa hiyo alikuwa na Mungu wa kanisani na alikuwa na mambo yake ya zamani ya Wairaqw, na hakuona sababu ya kuchagua. Mama alikuwa mtu wa maneno machache na mikono iliyochoka.

Ndiyo miaka ambayo kila mwenye mtaji kidogo alikuwa ameruhusiwa kufanya biashara yake, na mnadani kukawa na vitu ambavyo wazazi wetu hawakuvijua: marundo ya mitumba, betri, mafuta ya kujipaka yanayonukia peremende, na banda la video. Mwenye banda alikuwa fundi wa matrekta huko kwenye mashamba ya ngano. Kazi ilipoyumba akanunua jenereta, televisheni na deki. Baba alitukataza hata kupita karibu na lile banda. Halafu siku moja akaingia mwenyewe, ili ajue anachokipinga mahubirini, na akarudi nyumbani uso umebadilika.

"Mama Bura," akamwambia Mama, "nimemwona Yesu kwa yule bwana wa video."

Mama akasema, "Alikuwa anakaa kiti gani?"

Baba hakucheka. Alimwendea yule fundi, wakakubaliana, na Jumapili ya Pasaka baada ya ibada televisheni ililetwa kanisani kwa mkokoteni wa ng'ombe, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi mengine. Jenereta likanguruma nyuma ya ukuta, na harufu ya petroli ikaingia ikachanganyika na ya mvua kwenye nguo za watu. Mimi na Bura tulikaa chini, mbele kabisa, magoti yetu yanakaribia kugusa kioo. Mkanda ulikuwa wa lugha ya kigeni, hivyo fundi alisimama pembeni na fimbo, anatafsiri, na pale alipokuwa haelewi nadhani alitunga.

Ilikuwa nchi ya barafu. Malkia wa huko alikuwa akimpulizia mtu pumzi, mtu anageuka udongo, anabaki amesimama njiani na mzigo wake kichwani. Akatokea mfinyanzi, bubu, hana mke, hana mifugo, hajulikani katoka wapi. Akimwekea mtu wa udongo kiganja kwenye paji la uso, yule mtu anapumua, anaanza kulia, anakwenda zake. Lakini udongo wake unahamia kwa mfinyanzi. Kidole kwanza. Kisha mkono. Kisha bega. Kila aliyepona alimwachia sehemu. Wa mwisho alikuwa msichana mdogo, na huyo ndiye aliyemmaliza. Mfinyanzi akawa udongo mtupu, askari wakampiga rungu, akavunjika. Watu wakaviokota vile vigae, wakaingia kwenye nyumba moja, wakafunga mlango, hawakuwasha moto, hawakumsalimu mtu. Siku ya tatu alfajiri mwanga ukapenya kwenye ufa wa mlango. Mlango ukafunguka. Amesimama pale, mzima, nyufa zake zote zinawaka.

Kanisa zima lilipiga vigelegele. Baba alisimama mbele ya televisheni, jasho linamtoka, akasema, "Mmemwona? Wamembadilisha nguo tu!"

Habari ilifika Haydom, kwa Mjomba Paulo, kaka yake Mama. Mjomba alikuwa ameokoka karibuni kwenye kanisa jipya lililofunguliwa kule, na aliokoka kwa nguvu zake zote. Jumapili iliyofuata alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja kwetu, Biblia kwapani, na kabla hajamaliza kupokea shikamoo zetu alishaanza.

"Shemeji, umeingiza sanamu kanisani."

"Sanamu gani? Mtu amekufa kwa ajili ya wengine, amefufuka siku ya tatu. Mwingine wa hivyo unamjua nani?"

"Kafufuka kwa jina la nani? Nitajie. Mkanda mzima jina la Yesu halikutajwa. Muujiza usio na jina ni uganga."

"Bubu atatajaje jina, Paulo?"

"Ndiyo hapo! Yesu alikuwa bubu?"

"Mbele ya Pilato alijibu nini?"

Mjomba akavuta kikombe. Akanywa chai. Bibi alikuwa pembeni anapukuchua mahindi, akauliza bila kuinua kichwa, "Huyo mfinyanzi ni wa ukoo gani?"

"Mama, ni hadithi," Baba akasema.

"Nauliza ukoo. Mtu akifa kwa ajili ya watu, ndugu zake waulizwe kwanza. Yesu mama yake alikuwepo pale chini ya msalaba, mlinisomea wenyewe. Huyu wenu nani alimruhusu? Kafa kama mbwa wa barabarani halafu mnasema kakomboa. Mfinyanzi! Angekuwa hata na ng'ombe mmoja."

Tulicheka wote, hata Mama, hata Mjomba chai ikampalia. Mabishano yakaendelea mchana kutwa. Baba anasema nyufa ni madonda ya misumari. Mjomba anasema madonda hayawaki moto, kinachowaka moto ni jehanamu. Baba anasema lazima mmoja afe ili wengine wapone, ndiyo siri ya injili, hata watu wa barafu wameijua. Mjomba anasema shetani naye anaijua, ndiyo maana anaiga. Walikuwa na furaha. Sijawahi kumwona Baba na furaha ile tena.

Mimi na Bura tulikuwa juu ya magunia, tunasikiliza. Katikati ya zile kelele Bura akauliza, "Baba, yule msichana wa mwisho alijisikiaje?"

"Yupi?"

"Aliyemmaliza."

"Alifurahi," Baba akasema. "Si ameokolewa." Akamgeukia Mjomba, wakarudi kwenye madonda.

Nimelifikiria swali lile maisha yangu yote. Watu wazima wanne, Biblia mbili, mchana mzima, wanabishana huyu ni Kristo au ni mpinga Kristo. Hakuna aliyegeuka akatuuliza sisi watoto tumeelewa nini. Sisi hatukuwa tunabishana. Tulikuwa tunajifunza jinsi mambo yanavyokwenda.

Masika yale yalikuwa makubwa. Nikashikwa na homa, malaria, nikawa nimelala kwenye ngozi karibu na moto, natetemeka, ukuta unanikaribia na kurudi nyuma. Bura aliingia kutoka kuchota maji. Akapiga magoti, akaukaza uso kama yule bubu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Kiganja kilikuwa na tope la mtoni, baridi, kinanuka udongo mbichi. Kisha akautazama mkono wake kwa mshangao, akaanza kukakamaa, kidole, mkono, bega, akaanguka chini na kishindo, akatawanyika kama vigae. Nilicheka mpaka nikatapika. Mama akamfukuza na mwiko.

Homa ikanishuka. Nikaamka, nikaomba ugali. Wakati mimi naanza kutembea, Bura akalala.

Yake ilipanda kichwani upesi. Aliongea maneno ambayo hayakuwa ya lugha yoyote, halafu akawa haongei. Mto ulikuwa umejaa, gari hazipiti, na Baba na majirani wakamweka kwenye mkokoteni, ule ule uliobeba televisheni, wakamfunika turubai wakaelekea Haydom hospitali kwa njia ya juu. Mimi nilisimama mlangoni. Niliona mguu wake mmoja umetokeza nje ya turubai na mvua inaunyeshea, na umekakamaa, na rangi yake ilikuwa ya kijivu, na mimi, peke yangu kati ya watu wote waliokuwa wanalia pale uani, nilielewa kinachoendelea. Ulikuwa udongo wangu.

Walirudi naye kwa mkokoteni ule ule. Sikuonyeshwa. Wakasema mimi ni mdogo.

Kanisa lilikuja, tukazika pembeni ya nyumba, wakaimba, wakala, wakaondoka. Na walipoondoka Bibi akafunga nyumba. Wengine wenu kwenu mliikuta, wengine mmeisikia tu kwa wazee: metimani, ile desturi ya zamani kwamba nyumba iliyopatwa na kifo kama kile inajitenga na watu mpaka itakaswe. Hatukuazima moto wala kuazimwa. Hatukuchota maji pamoja na wengine. Tulisubiri waondoke, tukachota chini yao. Jirani akipita alisalimia kutoka mbali, mkono hatoi. Watoto niliocheza nao waliniona wakageuza njia. Baba kwa kawaida angeipinga, angesema tumeshatakaswa kwa damu ya Yesu, lakini Baba hakuwa na nguvu ya kumpinga hata kuku. Alikaa kitini na Biblia haifungui. Mlango ulifungwa mchana. Hakuna aliyenieleza kwa nini.

Lakini mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa nimeona. Watu wanaingia kwenye nyumba moja, wanafunga mlango, hawamsalimu mtu, na wanasubiri.

Sikulia hata kidogo. Mama alinitazama kwa mashaka, nadhani alifikiri mtoto ana roho ngumu. Kumbe nilikuwa na furaha ya siri, namwonea huruma Mama kwa kulia bure. Kila alfajiri niliamka kabla ya wote, nikakaa kwenye baridi naangalia ufa wa mlango. Mlango wetu ulikuwa wa mbao zisizobana vizuri. Mwanga ulianza kama uzi, ukawa kamba, na kila siku ulipoanza kuwaka moyo ulinidunda mpaka masikioni. Nilisikia hatua zake nje. Nawaambia nilizisikia, ndala moja inaburuza kama alivyokuwa anaburuza. Nilisikia anakohoa. Kisha Mama anaamka, anafungua, na nje kuna ua, na tope, na kuku.

Siku ya tatu ilipita. Nikajiambia nimehesabu vibaya. Nikajiambia labda vigae havijatimia, kuna kimoja kimebaki mahali, na mchana nilizunguka nyuma ya nyumba nikaokota vipande vya vyungu vya zamani vya Bibi, nikavificha chini ya ngozi yangu ya kulalia, nikavilalia. Mpaka leo nikilala ubavu wa kushoto navisikia mbavuni.

Ikafika siku ya kutoka. Tukanyolewa vichwa, kondoo akachinjwa, nyumba ikafagiliwa, mlango ukafunguliwa wazi, majirani wakaanza kuingia na vibuyu vya maziwa wakitushika mikono. Nikapiga kelele. Nilimshika Bibi sketi yake nikamvuta nyuma, nikaufunga mlango kwa mgongo, nikawaambia wasiingie, bado, hajafika, mkifungua sasa hatakuja. Bibi ndiye aliyeuliza, "Nani hajafika?"

Mama hakuuliza. Alinibeba, mimi mtoto mkubwa, akanipeleka pembeni ya nyumba hadi kwenye lile tuta, akanichutamisha, akauchukua mkono wangu akaubana kwenye udongo kwa wake. "Bura yumo humu," akasema. "Hatoki. Hata tukifunga mlango mwaka mzima hatoki. Umenisikia?" Ulikuwa umelowa, una harufu ile. Ndipo nikalia, na Mama akalia, na nadhani alifikiri amemaliza kazi.

Hakujua sehemu ya pili. Hakujua kuhusu kile kiganja. Ningeweza kumwambia pengine, siku moja, tukiwa tunapalilia, naye angeniambia alichokuja kuniambia nikiwa na mimba ya Rehema: "Mwanangu, ile ilikuwa malaria. Mbu hajui nani dada nani kaka." Ningekuwa nimepona mapema hivyo. Lakini Jumapili ya kwanza baada ya kutoka, Baba alirudi madhabahuni.

Alihubiri vizuri. Hilo siwezi kumnyima. Kanisa lilikuwa limejaa kwa sababu watu walitaka kuona kama mwinjilisti bado anaamini. Akaanza na yule mfinyanzi. Akaeleza jinsi udongo ulivyohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Sauti ikaanza kukatika. Akasema, "Na nyumbani kwangu, ndugu zangu, walilala watoto wawili. Mmoja akapona. Mmoja akatangulia, ili mwenzake abaki." Akanyoosha mkono akanionyesha. Benchi zote zikageuka. Wamama wakafanya "Mmmh" kwa pamoja, ule mguno wa huruma, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanigusa kichwa changu kilichonyolewa, kwa taratibu, kama unavyogusa kitu cha thamani ambacho kimenunuliwa.

Kumbe kweli. Kumbe hata Baba alijua.

Nilibeba hilo. Nililibeba darasani, kisimani, kitandani. Nikipata maksi nzuri nilihisi ni zake. Nilipofeli hesabu kidato cha pili wenzangu walilia kwa sababu ya viboko vya nyumbani, mimi nililia kwa sababu mtu alikufa ili mimi nije kupata sifuri. Bweni la sekondari likishikwa na mafua sikumruhusu rafiki yangu anishike mkono. Nilipojifungua Rehema, nesi alipomweka kifuani kwangu, jambo la kwanza nililofanya ni kumfunika paji la uso kwa kiganja, ili asije mtu mwingine akamgusa. Na Bura mwenyewe, Bura aliyenidanganya kuhusu mlima, Bura aliyeburuza ndala, alinipotea kabisa. Siwezi kuukumbuka uso wake. Kila nikijaribu unakuja uso wa yule bubu, na nyufa.

Sasa turudi kwenye chai iliyomwagika. Mwalimu mkuu, kwa nia njema, alifanya wanavyofanya watu wa kwetu: alimpigia simu mzazi wangu. Kesho yake Baba akashuka kwenye basi la asubuhi, mzee sasa, anatembelea fimbo, kofia mkononi. Akaja kusuluhisha. Nilimpa shikamoo, nikampa kiti, nikampa chai, nikamweleza alichofanya yule kijana. Alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Kijana amekosea mahali pa kusemea," akasema. "Lakini mfano wenyewe ni mzuri, mwanangu. Hadithi kama hizo zinamleta Kristo kwa watoto. Nami nilizitumia."

"Najua, Baba. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

Nikamwambia. Kiganja, mkokoteni, ufa wa mlango, vigae, mahubiri, mkono wa yule mwanamke kichwani kwangu. Sikulia na sikupandisha sauti, nilikuwa nimeshaimaliza yote ofisini kwa walimu. Rehema alikuwa uani, namwona dirishani. Baba alisikiliza akiizungusha kofia. Chai yake ikaweka utando.

"Yale mahubiri," akasema mwishoni, "ndiyo yaliyonisaidia kuendelea kuishi."

"Ndiyo, Baba. Yalikusaidia wewe."

Akaiweka kofia mezani. Akasema niandike barua, nisigombane tena na watoto wa watu maofisini, niandike kama msomi, na niandike majina yangu yote matatu. Akaniuliza kama kalamu ninayo. Niliandika akiwa amekaa pale pale, nikaipeleka mwenyewe, nikasubiri igongwe muhuri wa kupokelewa. Nainakili hapa kama ilivyo, isipokuwa majina.

*Kwa Mwalimu Mkuu. Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Afisa Elimu Kata.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MANENO ALIYOAMBIWA MWANANGU KATIKA KIPINDI CHA DINI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa Rehema, darasa la pili. Mwalimu wa dini alimsimamisha mwanangu mbele ya wenzake akasema mdogo wake alikufa ili yeye abaki. Tangu siku hiyo mtoto anauliza namna ya kufa ili mdogo wake arudi.*

*Naomba radhi kwa kelele nilizopiga ofisini na kwa madaftari yaliyoharibika. Kwa malalamiko haya siombi radhi.*

*Siombi kipindi cha dini kifutwe. Siombi katuni zikatazwe. Paa awe Yesu, asiwe Yesu, hilo wabishane wenyewe wenye muda. Siombi mwalimu afukuzwe. Naomba asimame mbele ya darasa lile lile, amwite Rehema kwa jina, aseme kwa sauti ya kusikika hadi nyuma kwamba mdogo wake alikufa kwa ugonjwa wa kifua, kwamba hakufa badala ya mtu yeyote, na kwamba Rehema yu hai kwa sababu yu hai, hadaiwi na aliyekufa.*

*Naomba niwepo wakati anasema.*